Soli ya Ngozi, Mguu wa Kulia

Milwaukee, 8 Septemba 1986

Kaka Florian,

Tumsifu Yesu Kristo. Sisi hapa wazima, na natumaini wewe na wifi Bernadina hamjambo huko kwenye joto lenu. Shemeji yako Zygmunt goti linamsumbua. Halimzuii kutembea hadi baa, linamzuia kukata majani tu. Binti yetu Renata amejifungua mtoto wa pili, msichana, ratili nane kamili. Nilipombeba nikasema huyu ni nusu ya tufe la bolingi, Zygmunt akaniambia nina ugonjwa wa duka la matufe. Shangazi Jadwiga anakusalimu. Anakumbuka kila kitu isipokuwa kwamba ulihama, kwa hiyo kila Jumapili ananiuliza mbona sikukuamsha uje misa.

Nimepiga simu mara nne tangu Pasaka. Kila mara anapokea wifi, na kila mara uko nje unamwagilia malimau. Sijui ni malimau gani yanayokunywa maji kiasi hicho. Basi naandika.

Habari yenyewe ni hii. Padre Kolasa ametangaza kwamba bolingi ya chini ya kanisa inafungwa, njia zote nne za kurushia matufe. Mashine za kusimamisha pini zimechakaa na vipuri havipatikani, na halmashauri ya parokia inataka ukumbi wa mikutano. Watu walinung'unika wiki mbili, kisha wakazoea. Ila Padre amekubali jambo moja: Mashindano ya Jozi za Damu yafanyike kwa mara ya mwisho, Jumamosi tarehe 14 Februari, halafu ndipo mafundi waje kung'oa mbao.

Nataka tucheze, mimi na wewe. Nasema waziwazi usije ukajifanya hukuelewa. Sheria unaijua, maana ni baba aliyeitunga: jozi ni ya ndugu wa damu, na ikishaandikwa kwenye daftari la parokia haivunjwi maadamu wote wawili wako hai. Tangu uondoke nimekaa miaka tisa kwenye benchi nikiwaandikia watu alama zao. Renata aliomba kucheza na mimi mwaka juzi. Padre alifungua daftari, akaona jina lako, akalifunga. Sasa imebaki mara moja tu, na hiyo siwezi kuicheza na mtu mwingine yeyote.

Tufe lisikupe taabu. Najua lile lako lilipasuka kwenye buti la gari kiangazi cha kwanza huko, ingawa nilikuonya kwamba jua la Arizona si la kuachia tufe garini. Nitakutobolea jingine matundu ya vidole hapa dukani. Kadi ya vipimo vyako ipo kwenye bati la biskuti pamoja na za wateja wote. Unakumbuka baba alivyokuwa anapima? Mkono wa kulia mbele ya kadi, wa kushoto nyuma, kila mtu, apende asipende. "Watu wa kiwanda cha chuma," alikuwa anasema, "hamjui jioni mtarudi na mkono upi." Walikuwa wanamcheka. Edek Pajor peke yake ndiye ambaye hakucheka, kwa kuwa yeye ni wa kushoto, na kadi yake ndiyo pekee iliyosomwa kuanzia nyuma.

Pajor bado yupo. Bado hajasahau ulivyomwambia mbele ya mkewe kwamba anarusha kama mtu anayemwaga maji ya vyombo. Kila mwezi ananiuliza kama unakuja.

Nijibu ndiyo au hapana. Hadithi nyingine zote zije baada ya hapo.

Dada yako,
Leokadia


Tucson, 26 Oktoba 1986

Dada Leokadia,

Milele na milele, amina. Usishangae kuona nimepiga chapa. Wifi yako aliinunua mashine hii kwenye mnada wa kanisa, na sasa sharti itumike ili ionekane haikuwa hasara. Sisi wazima. Pumu ya Bernadina imetulia. Madaktari walisema kweli kwamba hewa kavu itamfaa. Mlimau mmoja umekauka, kwa hiyo huwezi kusema namwagilia kupita kiasi. Hongera kwa mjukuu. Pole kwa goti la shemeji, ingawa nalifahamu goti hilo tangu ujana wake.

Nimesikitika kwa habari za kanisani. Namkumbuka mama kwenye misa ya saa nne, pini zikianguka chini yetu wakati wa mageuzo naye akiinamisha kichwa zaidi, kana kwamba kosa ni lake. Kosa lilikuwa la baba, aliyekuwa huko chini anajaribu tufe la mteja.

Kuhusu Februari, jibu ni ndiyo. Nitakuja.

Lakini usinitobolee tufe. Nitakuja na langu ninalochezea huku. Nakuomba kitu kimoja tu: viatu. Maduka ya hapa hayana namba kumi na tatu, na viatu vya kukodi vya ukumbini vinanuka miguu ya mji mzima. Niagizie jozi nzuri ya ngozi, yenye kamba. Ukiwa nayo tayari, itume.

Msalimie Shangazi Jadwiga. Msalimie Pajor.

Kaka yako,
Florian


Milwaukee, 2 Novemba 1986

Kaka Florian,

Tumsifu Yesu Kristo. Leo ni siku ya Marehemu Wote, nimetoka makaburini sasa hivi. Nimewawashia wazazi mishumaa minne, miwili yangu na miwili yako. Upepo wa ziwani ulizima miwili, nami nimeamua hiyo ndiyo yako, kwani nimengoja jibu lako wiki saba.

Nyumbani wote wazima. Renata anasalimu. Mtoto halali. Mvua ya theluji ya kwanza imenyesha jana ikayeyuka.

Niliposoma neno lile ndiyo nilifurahi. Nilimwambia Zygmunt papo hapo mezani. Akasema, "Vizuri," akaendelea na supu. Lakini baadaye nilimsikia anamwambia jirani ng'ambo ya ua kwamba Florian anarudi kucheza, tena kwa sauti kama vile ni yeye aliyekushawishi. Nimemsomea Pajor pale uliposema nimsalimie. Akauliza, "Yeye mwenyewe ndiye aliyeandika hivyo?" Nikamwambia imepigwa chapa. Akasema, "Aa."

Umesema nisitoboe tufe. Umechelewa. Nililitoboa mwezi wa tisa, siku nne baada ya kukuandikia, kwa sababu nilikwisha kujijibu ndiyo kwa niaba yako. Ni la bluu iliyoiva, la plastiki ile mpya inayoshika njia badala ya kuteleza tu. Ni ratili kumi na nne. Usinune, wewe una miaka hamsini na minane, na kumi na sita ni za kijana anayetaka kuonekana. Nimefuata kadi yako sawasawa: shubiri, kidole gumba, cha kati na cha pete. Kingo za tundu la gumba nimezilainisha kwa mkono kama ulivyokuwa unapenda. Lipo hapa kwenye kaunta, na wateja wote nimewakataza kuligusa.

Viatu nimevituma jana kwa posta. Vyeusi, namba kumi na tatu, ngozi ya ng'ombe, kamba. Vijaribu ndani ya nyumba tu. Ukitoka navyo nje, hata hatua moja, soli imekwisha, na hilo pia ulifundishwa na baba kwa kofi.

Sema utafika lini nikutandikie chumba cha Renata.

Dada yako,
Leokadia


Tucson, 4 Desemba 1986

Dada Leokadia,

Milele na milele, amina. Samahani kwa kukawia. Tulikuwa na wageni wa Bernadina wiki ya sikukuu ya Shukrani, watu tisa na bata mzinga mmoja, na wote tisa walikuwa na la kusema kuhusu namna ya kumkata. Mimi sikumkata, nilimwachia mkwe wao. Asubuhi hapa kuna baridi kidogo, nyinyi mngeiita kiangazi.

Asante kwa mishumaa, hata iliyozimika.

Viatu vimefika. Ni vizuri, namba ndiyo hiyo hasa. Ila naomba unibadilishie. Nataka ile soli ya ngozi ya kuteleza iwe mguu wa kulia, na ile ya mpira ya kushika iwe wa kushoto. Ni mambo ya goti tu, usiyafikirie sana. Nimevirudisha kwa posta vikiwa safi, sikutoka navyo nje.

Tufe hilo la bluu mpe mtu. Ni hasara kulikalisha kwenye kaunta.

Heri ya Noeli kwenu nyote.

Florian


Milwaukee, 12 Desemba 1986

Kaka Florian,

Tumsifu Yesu Kristo. Nimekuwekea humu mkate mwembamba wa Noeli, wa kuvunja mezani mkesha. Pembe moja nimeshaivunja na kuila, kama mama alivyokuwa anafanya kwa walio mbali, ili mjue tumekula pamoja. Gawana na wifi. Wote hapa wazima. Shangazi Jadwiga ameanza kuniita mimi mama.

Viatu vimerudi. Nimevibadilisha, jozi mpya inaondoka kesho: ngozi kulia, mpira kushoto, kama ulivyotaka.

Sasa nisikilize. Nimeuza viatu hivi miaka thelathini. Anayerusha kwa mkono wa kulia humalizia hatua yake kwa kuteleza na mguu wa kushoto. Anayeteleza na mguu wa kulia ni yule anayerusha kwa mkono wa kushoto. Goti halimo. Ninao wateja kumi na mmoja wanaonunua viatu vya namna hiyo, na mmoja wao ni Pajor. Barua umezipiga chapa, wewe uliyekuwa na mwandiko mzuri kuliko watawa waliotufundisha. Simu hupokei. Bata mzinga hukumkata.

Sikuulizi. Utasema mwenyewe, au hutasema. Lakini kwa kuwa kila mtu ana lake alilolificha, naanza mimi.

Unajua rafu ya viatu hapa dukani, ile aliyoipigilia baba. Anayeacha viatu vyake rafuni ni kwamba atarudi msimu ujao, na anayevichukua amekwenda zake. Mwaka sabini na saba, wiki tatu baada ya kumzika baba, ulikuja kuniaga. Ulisema ni kwa ajili ya mapafu ya Bernadina, ni mwaka mmoja au miwili, halafu mtaona. Nilikuamini. Ulipotoka nikainua macho, nafasi yako rafuni ilikuwa tupu. Ulivichukua viatu mimi nikiwa nyuma natafuta kamba ya kufungia sanduku lako. Niliumia, Florian. Wewe kwenda hakukuniuma, maana mgonjwa ni mgonjwa. Kilichoniuma ni kwamba hukuniambia, ukaniachia rafu initangazie.

Nafasi ile sijampa mtu. Watu wameniomba.

Basi, nimesema langu.

Leokadia


Tucson, 18 Januari 1987

Dada Leokadia,

Milele na milele, amina. Mkate ulifika umevunjika vipande sita, tukala vyote. Heri ya mwaka mpya. Bernadina anasema nikuandikie kila kitu au ataandika yeye, na yeye barua zake si fupi kama zangu.

Ilikuwa mwezi wa nne, Jumatano baada ya Pasaka. Nilikuwa uani, nimeshika mpira wa maji kweli, kwa hiyo habari ya malimau haikuwa uongo mtupu. Mpira ukaanguka. Nikautazama, nikauambia mkono wangu uuokote, mkono ukakaa. Ni kiharusi. Mguu umerudi karibu wote. Ulimi ulikuwa mzito miezi mitatu, ndiyo maana ya simu. Sasa nasikika kama mtu aliyekunywa glasi mbili, nawe umenisikia nikiwa nimekunywa zaidi. Mkono wa kulia haujarudi, na madaktari wameacha kuutaja. Chapa napiga kwa kidole kimoja cha kushoto. Ukurasa huu umenichukua tangu asubuhi.

Sikukuambia kwa sababu wewe ungepanda ndege. Nilitaka kwanza nipate kitu cha kuonyesha. Nikaanza kwenda ukumbini Jumanne asubuhi, na wazee, kwa kushoto, na tufe la ukumbi ambalo matundu yake yametobolewa kwa ajili ya watu wote na hayamtoshi yeyote. Nilidhani kufikia Februari nitakuwa nimejifunza, nije nikushangaze. Mwezi wa kumi wastani wangu ulikuwa alama tisini na nne, ndipo nikakuandikia ndiyo. Wiki iliyopita nilipata sitini na moja. Bibi mmoja wa miaka themanini na miwili alinipigia makofi, kwa huruma.

Unajua nilivyokuwa nawasema watu wa kushoto. Nilikuwa nawasema kwa sauti, na wengi walionisikia watakuwepo siku hiyo. Lakini hilo ningelimeza. Nisiloweza kulimeza ni wewe. Wewe bado unapata mia na themanini bila kutoa jasho, umengoja miaka tisa, halafu nije nikuburuze hadi mkiani mbele ya parokia nzima. Ulimwomba Florian wa mwaka sabini na saba. Huyo hayuko.

Sitakuja. Niondolee jina daftarini. Sheria inasema maadamu wote wawili wako hai, basi mwambie Padre nimekufa, mimi nitanyamaza, ucheze na Renata.

Kuhusu rafu, ni kweli. Nilijua nikivichukua utaelewa, na nilijua nikisema utalia, na kulia kwako sikuwahi kukuweza tangu ukiwa na miaka minne. Nilikosea. Nisamehe.

Viatu vya pili vimenikaa vizuri.

Florian


Milwaukee, 24 Januari 1987

Florian,

Salamu nitazitoa mwisho leo.

Barua yako nimeisoma dukani nimesimama. Nililia, Zygmunt ni shahidi, na kama unavyoona hakuna aliyekufa kwa hilo. Ungeweza kulia na wewe mwaka sabini na saba tukamaliza siku ileile.

Kisha nikafungua bati la biskuti. Kadi yako ipo mkononi mwangu. Mbele pamechakaa kwa kushikwa, maana baba alirudia vipimo vyako vya kulia mara nne. Nyuma hapajaguswa. Pameandikwa mwaka 1949, kwa penseli, mwandiko wa baba wa kukandamiza: kushoto, shubiri hivi, gumba hivi, kidole cha pete kimepinda kidogo kuelekea nje, mvulana ana haraka hatulii. Nilikupima mara ngapi mwenyewe, na kadi hiyo sikuwahi kuigeuza.

Tufe la bluu sikumpa mtu. Juzi niliyaziba matundu yote matatu kwa plastiki ya maji, nikangoja ikauke siku moja, jana nikalitoboa upya kwa vipimo vya nyuma. Plastiki ya bluu ilikuwepo. Nimezibia nyeupe, ili Pajor na wenzake waone kwamba hapo pana mkono uliofanya kazi yake. Gumba nimeliacha pana kidogo, utajazia utepe.

Umesema nilimwomba Florian wa mwaka sabini na saba. Huyo simtaki, huyo ndiye aliyeondoka na viatu. Na kuhusu kuniburuza mkiani, mimi nimekuwa kwenye benchi. Mkia uko mbele ya benchi.

Padre nimemuuliza, kwa utani, kama naweza kusema umekufa. Akasema atahitaji kuuona mwili. Basi ulete.

Ndege ya Alhamisi tarehe 12 inafika saa tisa alasiri. Zygmunt atakuja kukupokea na goti lake. Ijumaa tutakula samaki na mkate wa shayiri kama kawaida.

Wote wazima. Tumsifu Yesu Kristo.

Leokadia


Milwaukee, 24 Februari 1987

Kaka Florian,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini ulifika salama na umemkuta wifi mzima. Hapa ni baridi ya kupasua bomba, na kweli bomba la jirani limepasuka. Renata amekaanga maandazi ya jemu kabla ya Kwaresima, yale uliyokula manne ukasema matatu. Shangazi Jadwiga ameridhika kabisa. Anasema hatimaye umekwenda misa.

Orodha imebandikwa kwenye ubao wa kanisa. Tumekuwa wa kumi na saba kati ya jozi ishirini na moja. Mimi 181, 190, 164. Wewe 88, 71, 102. Waliotufuata ni wale mapacha wa Gorczyca, ambao walilewa, na jozi tatu zenye watoto chini ya miaka kumi. Nakuandikia ili uwe nayo kwa maandishi, usije ukaipandisha ukiwasimulia wazee wako wa Jumanne.

Ulikimbilia ndege, kwa hiyo hukusikia yaliyosemwa baadaye. Habari ni moja tu, ile pini yako ya mwisho. Nilikuwa naandika alama, nikaona zimeanguka tisa na imebaki namba saba peke yake, ile ya kona ya kushoto, ambayo watu wa kushoto huachiwa maisha yao yote na ambayo wewe ulimcheka Pajor kwa ajili yake tangu enzi za vita vya Korea. Nilikuona umesimama unaitazama. Halafu Pajor akasimama kwenye kiti, na nyonga yake ile mbovu, akapiga kelele, "Haya sasa! Mwage maji ya vyombo, Florian! Tuone!" Na wewe ukageuka, ukamwambia kwa ulimi wako wa glasi mbili, "Edek, miaka yote hii mbona hukuniambia iko mbali hivi?" Kanisa zima lilicheka, na tufe likaenda mtaroni pembeni mwa njia, na wewe ulicheka kuliko wote. Sijawahi kuona mtu akikosa pini na kushangiliwa vile. Pajor amesimulia jambo hilo kwenye baa kila jioni, na kila jioni pini inazidi kuwa mbali.

Nilicheza vizuri kwenye mchezo wa pili kwa sababu sikuwa nautazama ubao. Nilikuwa nautazama mguu wako wa kulia unavyoteleza. Unateleza vizuri. Mkono utafuata.

Mafundi walikuja Jumatano, njia mbili za kwanza zimeshang'olewa. Nimeomba kipande cha ubao, Padre amenipa cha urefu wa mkono, sijui nitakifanyia nini.

Sasa jambo ninalotaka kuuliza. Leo asubuhi nilikuwa nafuta vumbi rafuni. Kwenye nafasi yako kuna viatu vyeusi, namba kumi na tatu, ngozi kulia, mpira kushoto, kamba zimefungwa pamoja. Nakumbuka Jumapili tulipita dukani kuliacha tufe, nami nikakuacha ndani nikaenda kupasha gari moto.

Sitaki kudhani ninachotaka kudhani. Tumezeeka, na watu wa umri wetu husahau vitu, nawe ulikuwa na haraka ya ndege. Kwa hiyo nimeviweka kwenye boksi, nimeandika anwani yako, na Zygmunt atavipeleka posta nikipata jibu lako. Nieleze tu kama anwani ni ileile.

Dada yako,
Leokadia


Tucson, 8 Machi 1987

Leokadia,

Mwandiko huu mbaya ni wangu, wa kushoto. Mashine nimemrudishia Bernadina.

Usivitume. Sikusahau.

Florian